Marahaba ya Bi Nyuzi

Huyu ni Bi Nyuzi, binti wa Mzee Mgongo aliyekikunja chuma mpaka kikamwita bwana, mjukuu wa Fundi Tanuri aliyefua majembe ya mtaa mzima na asirudishiwe hata moja, kitukuu wa bibi ambaye jina lake limepotea lakini sindano yake bado ipo, maana ndiye aliyeshona turubai la kwanza la karakana. Kwa upande wa mama ni mtoto wa Mama Kimya, aliyepewa jina hilo kwa mzaha, kwa kuwa mdomo wake huamka kabla ya macho. Hayo ndiyo majina yake kamili. Yale ya kwenye kitambulisho ni ya karani.

Mzee Mgongo hakuwa na kibyongo, asije mtu akadhani. Chuma bapa kikikunjwa kona kinakuwa na pande mbili: upande wa nje, ambao mafundi huuita mgongo, na upande wa ndani, ambao huuita tumbo. Ukiulizwa fremu ina urefu gani huwezi kujibu mpaka useme umepimia wapi, kwa sababu kati ya mgongo na tumbo umelala unene wa chuma chenyewe. Karakana nyingi hupimia tumboni. Mzee alipimia mgongoni maisha yake yote, na kijana yeyote aliyepimia tumboni mbele yake aliambiwa aende akapime unga.

"Ukuta haulijui tumbo la chuma," alikuwa akisema. "Ukuta unakutana na mgongo."

Katika karakana hiyo Bi Nyuzi alianza kwa kushika ncha ya futi kamba, akapanda akashika chaki, akapanda akashika penseli ya kuchorea. Kompyuta ilipoletwa watu wakaizunguka kama nyoka aliyeuawa, kila mmoja akimsukuma mwenzake aguse kwanza. Yeye akavuta kiti akaketi.

Programu aliyofundishwa haikuwa ya kuandika maneno mengi. Ilikuwa ya visanduku. Kisanduku kimoja ni upana wa dirisha, kingine ni kimo, kingine ni unene wa chuma; unavuta uzi kutoka hiki hadi kile, na kutoka kile hadi kingine, mpaka mwishoni mashine ya kukata inaambiwa ikate wapi na iweke alama wapi pa kukunja. Wenzake walimwona kutwa nzima anavuta nyuzi juu ya kioo bila sindano wala kitambaa. Wakamwita Bi Nyuzi, na jina likamkaa kama kiatu kilichokwisha kuuzoea mguu.

Aliyemfundisha alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye waliachiana ziwa. Huyo kila mtu alimwita Kichwa, kwa sababu mbili: kwanza kilikuwa kikubwa, pili kilikuwa na kitu ndani. Kichwa ndiye aliyeunda maktaba.

Maktaba, katika kazi hii, si nyumba ya vitabu. Ni kabati la ujuzi. Mtu mmoja anaumiza kichwa na hesabu fulani mpaka inakubali, kisha anaifunga ndani ya kisanduku ili mwingine aitumie bila kuumia. Kichwa alikaa na baba yao, akamuuliza chuma hiki kikikunjwa kinavutika kiasi gani, na kile je, mzee akajibu kwa vidole na kwa macho, na kijana akavigeuza vidole na macho kuwa hesabu. Kisanduku kilichotoka hapo alikiita Mgongo. Ukikipa kipimo cha dirisha, kinakupa chuma sawasawa na vile ambavyo mzee mwenyewe angekikata.

Mama Kimya alipoelezwa alisema, "Maktaba gani haina hata kitabu kimoja cha kufuta vumbi?"

Kichwa akaondoka. Alipata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha vyuma ambacho mafundi wake, alisema, huvaa makoti meupe kama madaktari. Maktaba aliondoka nayo, lakini si kwa kuinyang'anya karakana. Aliihifadhi kwenye ghala lake la mtandaoni, na faili la Bi Nyuzi likabaki limeelekezwa huko kwa kiungo. Kisanduku cha Mgongo kwenye kioo chake kilikuwa mlango tu. Chumba chenyewe kilikuwa kwa Kichwa. Kichwa akirekebisha jambo kule, asubuhi Bi Nyuzi akifungua faili, kisanduku kinageuka manjano na kumwarifu kuwa kuna toleo jipya. Anabonyeza, kinarudi kijani, kazi inaendelea.

Kitu kimoja Kichwa alikiacha bila kukimaliza. Geti la nyumbani kwao ni la mabawa mawili. Ubawa wa kulia mzee aliutengeneza mwenyewe, wa kushoto akamwachia mwanawe autengeneze, ili wapitao waone baba na mtoto wamesimama pamoja. Kichwa aliahidi kuufanya likizo ya kwanza. Likizo ya kwanza ikala ya pili. Upande wa kushoto likawekwa bati kuukuu na kufungwa kwa waya, lisubiri.

Kisha mzee akafariki, na Kichwa hakuja kumzika. Makaratasi yake yalikuwa mikononi mwa watu wa ofisi, na watu wa ofisi hawana msiba. Kosa halikuwa lake. Lakini nafasi ya mtoto wa kiume msibani haikaliwi na sababu, hukaliwa na mtu, na Bi Nyuzi aliitazama nafasi ile siku nzima ikiwa wazi.

Baada ya hapo wakanyamaziana. Hawakugombana, laiti wangegombana. Mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na Bi Nyuzi alikaa akingoja shikamoo yake. Kichwa, kwa aibu ya kutokuja, alipiga simu ya mama tu. "Dada hajambo?" "Hajambo." "Msalimie." Mama akizifikisha salamu Bi Nyuzi aliitikia kwa kichwa na kuendelea kuosha vyombo. Siku moja mama alichoka.

"Mimi si posta," alisema. "Mna vidole nyote wawili."

"Yeye ndiye mdogo, mama."

"Haya. Kaeni na udogo wenu na ukubwa wenu, mimi nitakufa na stempu ulimini."

Asubuhi moja, msiba ukiwa bado mbichi, Bi Nyuzi alifungua faili karakanani, na kisanduku cha Mgongo kikageuka manjano. Alikitazama. Kule mbali, mtu alikuwa ameamka, ameketi, ameigusa kazi ya baba yao. Neno likamtoka lenyewe.

"Marahaba," alisema.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Manjano ikija, marahaba. Wakati mwingine ilikuja mfululizo, na Bi Nyuzi akafanya kazi huku akiimba puani. Wakati mwingine ilikawia, na akawa mkali kwa watu wasio na hatia. Alijua ni kisanduku tu. Lakini mtu mwenye kiu haulizi mto umetokea mlima gani.

Msimamizi wa karakana baada ya mzee alikuwa Cheche, rafiki wa marehemu, ambaye Bi Nyuzi alimwita baba mdogo. Mikono yake ilikuwa na madoa ya moto kama mbegu za papai. Alimsikia.

"Unaitikia nani, mwanangu?"

"Kompyuta imeniamkia, baba mdogo."

"Ina adabu. Wanangu wawe kama hiyo."

Mambo yakaenda hivyo mpaka ilipokuja kazi ya wodi ya wazazi. Hospitali ilijenga wodi mpya, na kilichobaki kilikuwa fremu za madirisha na nondo zake. Bila fremu wodi haifunguliwi, na kina mama wenye vichanga walikuwa wamelazwa kwenye ushoroba wa wodi ya zamani, vitanda kichwa kwa miguu. Bi Nyuzi alikwenda akapima madirisha mwenyewe. Asubuhi ya kukata akafungua faili. Manjano.

Ilikuwa imekawia sana safari hiyo. Aliitazama mpaka macho yakamlowa, akasema marahaba kwa sauti iliyosikika hadi kwenye jiriwa, kule vijana wanakobania chuma, akabonyeza. Mashine ikakata. Vijana wakakunja na kuchomelea, Cheche akapakia mzigo akaenda kuufunga.

Alirudi na mzigo wote, umelala garini kama ulivyotoka. Hakupiga kelele. Cheche akikasirika huwa anapunguza sauti, na siku hiyo ilibidi mtu asogee ndipo amsikie.

"Fremu zimekataa kuingia."

"Zote?"

"Zote kwa umoja wao. Kama zimekula kiapo. Kila moja imezidi kwa unene wa chuma huku, na unene wa chuma kule."

Bi Nyuzi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alivuta fremu moja, akaweka futi ndani ya kona, kwenye tumbo. Kipimo kikaja sawasawa na alichokiandika alipopima dirisha. Akaweka nje, mgongoni. Kimezidi. Kompyuta ilikuwa imepewa kipimo cha mgongo ikakisoma kama cha tumbo.

Wakaketi wote wawili mbele ya kioo, wakafungua maelezo ya toleo jipya. Jina la kisanduku lilikuwa lilelile, Mgongo. Ndani yake hesabu ilikuwa imehamia tumboni.

Cheche alivua miwani yake ya kazi akaifuta kwa shati chafu, ikazidi kuchafuka.

"Hiki kisanduku kinakaa wapi?"

"Kwa Kichwa."

"Kwa hiyo wewe siku zote unapika kwa chungu cha jirani. Jirani akitia dawa ya mbu, sisi tunakula."

"Hakujua, baba mdogo."

"Sijasema alijua. Nasema chungu kiwe chetu. Hakuna namna?"

Namna zipo, na Bi Nyuzi alizijua zote tangu zamani. Namna ya kwanza ni hiyo waliyokuwa nayo: kiungo kinachofuata toleo jipya kila linapotoka. Namna ya pili ni kiungo cha toleo moja tu ulilolichagua; ghala linabaki la mwenyewe, lakini wewe unasema nataka lile la mwaka fulani na si jingine. Namna ya tatu ni nakala: unaichukua maktaba yote, unaiweka ndani ya faili lako, unakata kiungo. Baada ya hapo kisanduku ni chako, ukikosea umekosea mwenyewe, na hakigeuki manjano tena mpaka kiama.

"Ya tatu," alisema Cheche.

"Ya pili je? Tunashikilia toleo la zamani."

"Na akilifuta?"

Bi Nyuzi akasogeza mshale hadi kwenye kisanduku cha Mgongo, akauacha hapo.

Cheche hakuwa mjinga, na marahaba zile alikuwa amezisikia nyingi. "Mwanangu," alisema, na sauti ikarudi kuwa ya kawaida, "mimi sitakukatia. Lakini kesho chuma kinakatwa upya, na kina mama wale wamelala njiani. Amua wewe."

Bi Nyuzi akarudi nyumbani. Alipofika getini alipita upande wa kulia kama kawaida, mkono ukiteleza juu ya chuma cha baba yake, kisha akasimama akalitazama lile bati. Waya ulikuwa umeshika kutu. Alikuwa akijiuliza mtu anayebisha hodi kila mara anawezaje kuhamisha mlango bila kusema.

Mama yake alimkuta jikoni amekaa, sufuria haijabandikwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi washa jiko."

Bi Nyuzi alimweleza. Alieleza kisanduku, ghala, manjano, na kwa mara ya kwanza akamwambia mtu habari ya marahaba. Alieleza akitazama sakafu. Mama Kimya alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo majirani wangelipia kuliona.

"Kwa hiyo taa inawaka, wewe unaitikia," alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye anajua kwamba unaitikia?"

Bi Nyuzi akainuka akawasha jiko.

"Mwenye kubisha hodi huita jina, mwanangu. Hiyo taa iliwahi kukuita?" Akachomoa simu kifuani, akabonyeza, akaisukuma juu ya meza ikiwa tayari inaita. "Mimi nimestaafu posta."

Simu ikapokewa haraka. "Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Si mama," alisema Bi Nyuzi.

Nyuma ya Kichwa kulisikika chuma kikianguka mahali fulani, kule kule kwenye makoti meupe.

"Shikamoo, dada."

Hiyo hapo. Ile aliyoisubiri. Bi Nyuzi alikuwa amejiandalia majibu mengi ya siku hiyo, mengine ya kuchoma na mengine ya kuponya, na yote yakampotea kama sarafu mchangani.

"Kwa nini umehamisha mgongo ukaupeleka tumboni?" aliuliza.

"Mgongo gani?"

"Wa maktaba. Wa baba."

"Wewe bado unaitumia ile?" aliuliza Kichwa.

"Nitumie nini kingine?"

"Dada, mimi nilidhani nimebaki peke yangu mle. Nilidhani baba alipotutoka, kule karakana mlinunua programu ya maana. Nimekuwa nikiichezea tu, jioni, nikikumbuka... nikiikumbuka kazi. Huku wanapima tumbo, basi safari hii nikaigeuza inisaidie kazini. Ningejua uko ndani ningegusaje?"

Mama Kimya alikuwa amegeukia dirisha. Bi Nyuzi aliigeuzageuza habari hiyo kichwani. Miaka yote hiyo, aliyekuwa akibisha hakujua kuna mtu ndani, na aliyekuwa akiitikia alikuwa akiitikia mtu anayejisemea. Ilimwuma mahali ambapo hakujua pana nyama. Na bado, chini ya maumivu, kulikuwa na neno moja lililokataa kuondoka: jioni, alisema. Akikumbuka.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Za nyuma nilishaitikia zote."

"Za nyuma zipi?"

"Achana nazo. Niambie, matoleo ya zamani bado unayo?"

"Huwa nayafuta, ghala linajaa. Lakini leo hii naurudisha mgongo, dada, nipe muda kidogo tu..."

"Usiurudishe. Kazi yako inataka tumbo, iache na tumbo lake. Mimi nitachukua nakala, niigeuze mwenyewe."

"Utakata kiungo?"

"Nitakata cha kompyuta."

Asubuhi aliketi kwenye kiti chake, Cheche akiwa amesimama nyuma yake akijifanya anatafuta spana. Alichagua nakala. Kompyuta, ambayo Kichwa alikuwa ameitia lugha ya nyumbani kwa ajili ya baba yao, ikamwuliza: Kata kiungo? Ndiyo. Hapana.

Neno hilo lilimkalia vibaya. Kiungo ni cha chakula, kiungo ni cha mwili, kiungo ni hicho cha kompyuta; na katika vyote, kikitoka, unajua. Alikaa mpaka Cheche akapata spana tatu ambazo hakuzihitaji. Kisha akabonyeza ndiyo.

Hakikulia kitu. Visanduku vya Kichwa vikaingia ndani ya faili lake kimoja kimoja, na akaweza kuvifungua, jambo ambalo hakuwahi kuliweza. Mbele ya kisanduku cha Mgongo akaweka kisanduku kidogo cha kutoa unene wa chuma, huku na kule, akavuta uzi, na kipimo kikarudi mahali mzee alipokiacha. Cheche alikiangalia.

"Hicho unakiitaje?"

"Ukuta," alisema Bi Nyuzi.

Fremu zilikatwa upya. Wodi ya wazazi ilizipokea bila ubishi, ziliingia kama mkono mfukoni, na kina mama wakahama ushorobani. Cheche alirudi akinong'ona, na watu wakaogopa, kumbe safari hiyo ilikuwa mafua.

Asubuhi zilizofuata Bi Nyuzi alifungua faili na kisanduku kikawa kijani. Kijani, kijani, kijani. Kazi ilikwenda salama kuliko zamani, naye alijikuta ameinama kuelekea kioo, mdomo umeshafunguka nusu, hana wa kumwitikia. Kuna utulivu ambao ni wa nyumba iliyokamilika, na kuna utulivu wa nyumba iliyohamwa. Kwa macho huwezi kuutofautisha. Alisema moyoni: Kichwa alipokuwa hajui, nilikuwa naye kila asubuhi. Sasa anajua, simwoni.

Siku ya mapumziko alitoka nje na futi kamba ya baba yake, ile ya chuma ambayo namba zake za mwanzo zimelika. Alipima toka nguzo hadi ukingo wa ubawa wa kulia. Alipima kimo. Alipima mahali bawaba zitakapokaa. Mama yake alisimama mlangoni akimwangalia.

"Unampimia nani?"

"Lete simu, mama. Yako. Yangu haina chaji."

"Ina chaji, nimeiona. Unaogopa tu."

Lakini akaileta. Kichwa alipopokea, hakuuliza safari hii ni nani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Fremu ziliingia?"

"Ziliingia. Sasa sikiliza. Nipo getini. Vipimo vya upande wa kushoto nimevichukua, navituma kwa simu hii hii. Ubawa wa baba sitaugusa, wala Cheche hataugusa. Wa kushoto ni wako. Uchore huko huko kwa maktaba yako, mimi nitaukata hapa kwa yangu, tuone kama chungu changu na chako vinapika sawa. Lakini uupime mgongo."

"Nitaupima mgongo."

"Na kuukunja hatutakukunjia. Utakuja uukunje mwenyewe, kwenye jiriwa ya baba."

"Dada, unajua makaratasi yangu..."

"Sijakuuliza makaratasi," alisema Bi Nyuzi, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshaanza kulegeza waya wenye kutu wa lile bati. "Nimekupa kazi."